UZI: Dawa za mshipa zinachanganywa wapi, na nani? Tuongee kweli, Bukavu na kwingine

Farmasi wa Ibanda

Salamu bandugu wote, wa Bukavu, Goma, Uvira, Lubumbashi, na hata ninyi wa Tanzania na Kenya ambao mnapitaka humu kimya kimya. Mimi ni farmasi, nafanya kazi hopitali hapa Bukavu, na leo naleta jambo ambalo liko mbele ya macho yetu kila siku na hakuna mtu analiita kazi, ni kuchanganya dawa ya mshipa. Siongelei kuandika ordonansi, siongelei kutundika seromu (dripu), naongelea ile ya katikati, pale unga wa seftriaksoni, ile antibiotiki, ndani ya flakoni (kichupa) unageuka maji, unavutwa na seringi, unaingia ndani ya seromu, pale ampuli ya potasiamu inavunjwa shingo. Ni dakika chache tu. Lakini angalieni zinapitia wapi: juu ya kitoroli karibu na mlango, ama pembeni ya dirisha lililo wazi, na muuguzi yuko peke yake na chumba kizima cha wagonjwa, mama wa mtoto anamwita, simu inalia, mwenye kusafisha anapitisha ufagio chini ya miguu yake.

Msimamo wangu nauweka hapa juu ili tusizungukane. Kuchanganya dawa ya mshipa ni kazi kamili. Ipewe meza yake, mtu wake na saa yake, na farmasi ndiyo iibebe, tusiendelee kumtupia muuguzi katikati ya kazi zingine zote. Na tusingoje chumba cha mamilioni ya dola ndipo tuanze.

Kwa nini nakazia mshipa? Dawa ya kunywa ikiwa na kijidudu kidogo itakutana na asidi ya tumbo, itakutana na utumbo wenye kinga yake, mara nyingi mwili unajitetea. Ya mshipa inaingia moja kwa moja kwenye damu na muda si mrefu imeshafika moyo, mapafu, ubongo. Hapo macho hayatoshi kusema ni safi, maji yanaweza kuwa na bakteria hata milioni moja kwa mililita na bado ukiyainua kwenye mwanga huoni ukungu wowote. Na bakteria hata akishakufa mabaki ya ngozi yake yanaleta homa, ndiyo hiyo inaitwa pirojeni. Mkemia mmoja wa Marekani, mama Florence Seibert, alionyesha mwaka 1923 kwamba homa zilizokuwa zinafuata sindano zilitoka kwenye maji yaliyobeba mabaki ya bakteria, ingawa maji yenyewe yalikuwa yameuliwa vijidudu. Kuchemsha hakuondoi pirojeni. Otoklavu, ile mashine ya mvuke, kwa nyuzi 121 inaua bakteria lakini pirojeni inabaki, kwa vyombo vya kioo unahitaji joto kavu la nyuzi 250 kwa dakika 30. Njo maana maji ya robine (bomba) yaliyochemshwa, hata yachemshwe siku nzima, hayawezi kuwa maji ya sindano.

Wengi wenu mmeona hii: mgonjwa amewekewa seromu, baada ya muda anaanza kutetemeka, homa inapanda, watu wanasema malaria imemzidia, wanaongeza dawa ya malaria. Kabla ya kusema malaria uliza kwanza ile seromu ilifunguliwa saa ngapi na nani alitia nini ndani. Funga, ondoa seromu pamoja na trusi yote (ule mrija wake), na usiitupe, iwekwe pembeni na jina la mgonjwa ili ichunguzwe.

Farmasi wa Ibanda

Naendelea, maana kitu kinachoniuma zaidi sijakisema. Ni ile seromu ya wote. Kwenye pediatri nyingi (wodi za watoto) utaikuta chupa ya 500 ml ya glikozi ama ya chumvi, juu ya meza, sindano imechomekwa kwenye mpira na inabaki pale tangu asubuhi, kila anayetaka kuyeyusha dawa anakuja na seringi yake anavuta. Inaonekana ni kuchunga pesa ya mzazi, naelewa, mzazi ananunua kila kitu hadi pamba. Lakini ile sindano ni mlango wazi, na mtu mmoja akirudi na seringi ambayo imeshagusa mtoto, chupa nzima imebeba damu ya yule mtoto, na watoto wote wa chumba wanakunywa pale kupitia mshipa.

Na glikozi si chakula cha mgonjwa peke yake. Kati ya 1970 na 1971 Marekani walikuwa na mlipuko mkubwa wa maambukizi ya damu kupitia seromu za kiwanda kimoja, shida ilikuwa kwenye vifuniko vya chupa, na uchunguzi wa miaka ile ulionyesha kwamba bakteria kama Enterobakta, Klebsiella na ndugu zao wanazaana vizuri ndani ya glikozi 5% kwenye joto la kawaida la chumba. Hao ndio wale wale tunaowakuta kwa watoto wachanga, na mara nyingi hawasikii tena antibiotiki tulizo nazo. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa asubuhi, saa kumi jioni ni kitu kingine kabisa. Mafuta ya mshipa ni hatari zaidi, propofoli ya kulaza watu kwa upasuaji ni mafuta, ikishafunguliwa ukaiacha kwa ajili ya mgonjwa wa kesho unampandia bakteria kwenye damu.

Ni bora kununua ampuli ndogo za 10 ml, moja kwa mgonjwa mmoja. Zina bei yake lakini mtoto mwenye sepsisi (maambukizi ya damu) ana bei kubwa zaidi, na hiyo bei mzazi ndiye anailipa.

Mama wa Kadutu

Aksanti papa farmasi. Mi si munganga, mi ni mama tu nauzishaka ku soko ya Kadutu. Minauliza mambo mbili. Ya kwanza, wakati mutoto wangu alilala ku hopitali niliona banatoboa chupa ya seromu kule juu na sindano, banasema hewa ingie ndio maji itelemuke muzuri. Ile iko mubaya? Ya pili, huku kwetu mutu akichoka anaenda ku depo ya dawa banamutilia seromu ya vitamini, ile ya manjano, kisha anarudi ku kazi. Na mimi banishanitiliaka. Iko na shida?

Farmasi wa Ibanda

Mama, aksanti kwa kuuliza.

Kutoboa chupa ni vibaya, ndiyo. Hewa inayoingia pale ni hewa ya chumba, na vumbi lake na vijidudu vyake, inapita ndani ya maji muda wote seromu inateremka. Wauguzi hawatoboi kwa ubaya, zile chupa za plastiki ngumu kidogo hazijikunji zenyewe mpaka mwisho, maji yanakwama. Dawa yake ni trusi yenye kidirisha cha hewa, kile kifuniko kidogo pembeni ya pale trusi inachoma chupa, ndani yake kuna filta. Unakifungua tu. Siku nyingine mama ukiona mtu anataka kutoboa mwambie kwa upole, munganga, hiyo trusi haina kidirisha? Hakuna atakayekasirika.

Seromu ya vitamini kwa mtu aliyechoka, mimi nakuomba uiache. Mtu anayekula na kunywa kwa mdomo hana sababu ya kufungua mshipa. Ile rangi ya manjano ni vitamini B2, unaikojoa siku hiyo hiyo. Ndani ya depo hakuna mahali pa kuchanganyia, hakuna otoklavu, mara nyingi hakuna hata lavabo ya kunawia, na mtu akipata mshtuko wa mzio pale hakuna adrenalini. Kama uchovu unarudi kila wiki mama, nenda wakupime damu, sukari na presha, kuna kitu kinachokuchosha.

Muuguzi wa Plaine

Yaya farmasi, nimesoma yote na ninaheshimu, ila naomba niseme na mimi. Niko sentri ya afya huku Plaine ya Ruzizi, usiku wa gadi tuko wawili, mara nyingine mmoja. Wagonjwa wa malaria kali wanakuja saa nane usiku wamebebwa ku motari, mtoto anapiga degedege. Ile meza yako na mtu wako na saa yako nitaitoa wapi? Farmasi yenyewe inafungwa saa kumi jioni, ufunguo anao mwenye kuhesabu pesa. Ninyi wa mujini munaandikaka vizuri lakini mwenye kuvunja ampuli ni sisi, na taa ya telefone mdomoni.

Farmasi wa Ibanda

Ndugu yangu uko sawa na sitabishana na usiku wako. Kusema farmasi ibebe maana yake ni kwamba sisi mafarmasi tutoke nyuma ya kaunta, si kwamba wewe uongezewe mzigo. Dawa za saa zilizopangwa, antibiotiki za saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, hizo tungeweza kuzitayarisha sisi ama preparateri wetu (wasaidizi wa farmasi). Za dharura zinabaki kwako na zitabaki kwako daima, hata Ulaya muuguzi anachanganya ya dharura kando ya kitanda. Kitabu cha Marekani kinachoitwa USP, sura ya 797, toleo lililoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2023, kinaruhusu hiyo, kinasema dawa iliyochanganywa bila hoti (ile kabati ya kupuliza hewa safi), kwa matumizi ya haraka, ianze kupewa ndani ya saa 4 na isizidi bidhaa tatu tofauti ndani yake. Sisi hatufuati sheria ya Marekani, naileta tu muone kwamba hata wenye vyumba vya kioo wanajua kuna saa nane usiku.

Kwa saa nane usiku yako basi, tuongee artesunati, dawa ya malaria kali, maana ndiyo unayoishika zaidi. Flakoni ya mg 60 inakuja na ampuli yake ya bikaboneti 1 ml. Tia bikaboneti yote, tikisa mpaka maji yang'ae kabisa, ikibaki na ukungu usiitumie. Kisha ongeza 5 ml ya seromu ya chumvi 0.9%, hapo una mg 10 kwa kila mililita, ni ya mshipa, unasukuma polepole dakika moja mpaka mbili. Ukikosa mshipa unaongeza 2 ml badala ya 5, unapata mg 20 kwa mililita, unapiga kwenye paja. Usiyeyushe na maji ya sindano, na usiitie ndani ya seromu iteremke, haikutengenezwa kwa hiyo. Mtoto chini ya kilo 20 anapata mg 3 kwa kilo, kuanzia kilo 20 ni 2.4. Mtoto wa kilo 15 ni mg 45, ni 4.5 ml ya mshipa. Unapiga saa anapofika, baada ya saa 12, baada ya saa 24, halafu mara moja kwa siku mpaka aweze kunywa. Na hapa ndipo hata farmasi yenye hoti haikusaidii, ile dawa ikishachanganywa inatakiwa itumike ndani ya saa moja. Kilichobaki kinamwagwa, hata kama roho inauma. Utafiti wa 2010 kwenye nchi 9 za Afrika, Congo yetu ikiwemo, ulionyesha artesunati inaokoa watoto kuliko kwinini, lakini hiyo ni artesunati iliyoyeyushwa vizuri.

Ninachokuomba ni kidogo. Chagua pembe moja, mbali na lavabo na mbali na mlango, sinia moja ambalo halibebi kitu kingine, karibu yake kipande cha sabuni na chupa ya alkoli, na taa ya kutundika kichwani badala ya telefone mdomoni, maana mate ya mtu yanaanguka ndani ya kazi. Feni isielekezwe pale.

Dokta wa watoto, Goma

Nashukuru uzi huu. Naongeza la watoto wachanga, maana kwao kosa la hesabu linaua kabla bakteria hajaanza. Jentamisini yetu, antibiotiki, ni ampuli ya mg 80 ndani ya 2 ml, imetengenezwa kwa mtu mzima. Mtoto wa kilo 3 anahitaji mg 15, hiyo ni 0.375 ml, nani ataipima hiyo na seringi ya 5 ml? Anakosea kidogo tu na amepiga mara mbili. Kwetu tunavuta zile 2 ml, tunaongeza maji ya sindano mpaka 8 ml, sasa ni mg 10 kwa mililita, mtoto anapata 1.5 ml. Mtu yeyote anaweza kuipima. Kama kwenye depo yenu kuna ampuli za mg 20 ndani ya 2 ml, hizo ni mg 10 kwa mililita tayari, nunueni hizo kwa neonatolojia na msichanganye kabisa.

Pia naomba mafarmasi mtusaidie kuangalia maji ya kuyeyushia. Kuna maji ya sindano yaliyotiwa alkoli ya benzili ili yasioze. Mwaka 1982 Marekani waligundua yanaua watoto njiti, wanahema kwa shida mpaka wanakufa. Soma flakoni kabla ya kuileta kwetu.

Farmasi wa Ibanda

Aksanti munganga, hilo la kupunguza nguvu ya jentamisini kila maternite inatakiwa iliandike ukutani.

Na kwa sababu umeanza, niseme seftriaksoni, maana ndiyo mfalme wa ordonansi zetu. Seftriaksoni na kalisiamu hawakai pamoja. Wakikutana wanatengeneza chembe ngumu, na kuna watoto wachanga waliokufa, chembe zikakutwa kwenye mapafu na figo, mwaka 2007 Marekani wakatoa onyo. Na Ringa ina kalisiamu! Seromu tunayoipenda kuliko zote. Kwa hiyo usiyeyushe seftriaksoni na Ringa, usiisukume kwenye trusi ambayo Ringa inateremka. Kwa mtu mzima simamisha Ringa, osha trusi na seromu ya chumvi, piga, osha tena. Kwa mtoto aliye chini ya siku 28 anayehitaji kalisiamu ya mshipa, achana na seftriaksoni kabisa, kuna sefotaksimu.

Kila dawa ina seromu yake. Kwinini, hii ambayo miti yake inapandwa Kivu kwetu na kiwanda cha Pharmakina kinaitoa kwenye maganda hapa hapa Bukavu, inapitia glikozi, polepole saa nne, kwa sababu yenyewe inashusha sukari ya damu, na kamwe haisukumwi na seringi. Amfoterisini B ya kawaida, dawa ya kuvu, inataka glikozi 5%, ukiitia kwenye chumvi inaganda. Fenitoini, ya degedege, ni kinyume chake, chumvi tu, kwenye glikozi inatoa fuwele. Ampisilini ndani ya glikozi inavunjika haraka, itie kwenye chumvi na uipige mara moja. Diazepamu usiichanganye na chochote ndani ya seringi. Na damu ya kutransfuzi haipiti trusi moja na glikozi wala Ringa.

Potasiamu sasa. Ampuli ya 10% ya 10 ml ina gramu 1, kama milimoli 13.4. Ikisukumwa na seringi moja kwa moja kwenye mshipa moyo unasimama, hakuna kurudi. Na zile ampuli za plastiki, potasiamu, maji ya sindano, chumvi, zote ni nyeupe, zote ni urefu mmoja, zimelala kwenye boksi moja! Shirika la Afya Duniani linasema kwa miaka mingi potasiamu kali itolewe kwenye wodi, ikae farmasi imefungiwa. Hii haihitaji pesa hata moja, bandugu, inahitaji mtu wa kusema kuanzia leo inakaa kwangu. Ikichanganywa isizidi kama ampuli tatu kwa lita ya seromu, na kwenye wodi ya kawaida isiende zaidi ya milimoli 10 kwa saa. Na ukishaitia geuza seromu juu chini mara kumi hivi, potasiamu ni nzito, usipogeuza inalala chini na mgonjwa anapata yote dakika za kwanza.

Mwanafunzi Farma L'shi

Yaya, mimi niko mwaka wa mwisho huku Lubumbashi. Kwetu kiangazi ni vumbi jekundu tupu, unafuta meza asubuhi, saa sita unaandika jina lako juu yake. Kuna hopitali nilifanya staji, wana hoti ya laminari, nzuri, lakini wanaiwasha dakika ile ile wanaanza kazi, na maboksi ya karatasi yako ndani chini yake. Wanasema ukishakuwa ndani ya hoti kila kitu ni sterili. Ni kweli? Na bila hoti tunaweza kuita kazi yetu sterili?

Farmasi wa Ibanda

Swali zuri mdogo wangu. Hoti haiui kitu chochote. Hoti inapuliza hewa iliyopita kwenye filta ya HEPA, filta inayokamata vipande 99.97% vya ukubwa wa mikroni 0.3, na hewa ile ndiyo inakinga flakoni yako isiguswe na hewa ya chumba. Kwa hiyo mkono wako ukikaa kati ya filta na flakoni, hewa inayofika kwenye mpira imeshapita kwenye mkono wako, faida imekwisha. Fanya kazi sentimita 15 ndani, usiweke kitu nyuma ya kitu. Ikiwa ilizimwa, iwashe, ngoja dakika 30, ifute na alkoli kutoka juu kwenda chini na kutoka ndani kuja nje, ndipo uanze. SNEL ikikata umeme katikati ya kazi, kilicho wazi kinatupwa, umeme ukirudi unaanza tena na zile dakika 30. Naijua hasira yake, hapa Bukavu umeme unakata hata mara ngapi kwa siku, lakini hewa iliyosimama ni hewa ya chumba.

Na maboksi yatoke! Karatasi ngumu imebeba spora za kuvu, inabaki nje ya mlango, flakoni zinatolewa, zinafutwa, ndipo zinaingia. Filta nayo inapimwa kila miezi sita, hoti ya msaada iliyofika na haijapimwa tangu imeshushwa kwenye lori ni hatari maana watu wanaiamini. Na ile inayopuliza kuelekea usoni kwako isiguswe na dawa za kansa hata kidogo, itakupulizia sumu. Hizo zinataka kabati inayopuliza kutoka juu na kunyonya, na chumba chake hewa iingie isitoke. Vinkristini, moja ya hizo za kansa, ukiitayarisha itie ndani ya seromu ndogo, usiiweke kwenye seringi, mtu asije akaichanganya na ya kupiga mgongoni, ikiingia mgongoni inaua.

Kwa kipimo: ndani ya hoti wanataka hewa isiyo na vipande zaidi ya 3,520 vya mikroni 0.5 kwa mita moja ya ujazo, wanaiita ISO 5. Chumba kinachoizunguka ISO 7, ni mara mia zaidi. Ukiwa na hoti nzuri tu ndani ya pembe safi bila chumba kile, kile kitabu cha USP kinakupa kutumia dawa ndani ya saa 12 nje ya frigo ama saa 24 ndani ya frigo. Bila hoti, ni ile saa 4.

Lakini sikia hili, pesa peke yake haitoshi. Mwaka 2012, Framingham, jimbo la Massachusetts, kulikuwa na farmasi kubwa ya kuchanganya, ina vyumba vya kisasa, ikatoa sindano za kotizoni za mgongo zenye kuvu ndani. Watu 753 waliugua kwenye majimbo 20, 64 walikufa kwa hesabu ya wakala wa afya wa Marekani, na mwaka uliofuata bunge lao likabadilisha sheria. Vyumba vilikuwepo, usafi haukufuatwa. Na Cleveland mwaka 2006 mtoto wa miaka miwili, Emily Jerry, alikuwa anamaliza matibabu ya kansa, msaidizi wa farmasi akamchanganyia dawa ndani ya chumvi ya 23.4% badala ya 0.9%, akafa. Chumvi kali mara 26. Shida pale haikuwa hewa, farmasi wa kuangalia mara ya pili hakuliona kosa. Ohio wakatunga sheria ya mafunzo na mtihani kwa wasaidizi wote wa farmasi, ina jina la yule mtoto.

Njo maana kwangu mtu na muda vinakuja kabla ya hoti. Mtu aliyefundishwa kunawa mpaka kiwiko sekunde 30, anayefuta mpira wa flakoni na alkoli ya 70% na kuiacha ikauke yenyewe bila kuipepea, anayejua kwamba alkoli ya 95 haiui vizuri kama ya 70 kwa sababu maji ndiyo yanaiingiza ndani ya bakteria, anayeingiza sindano kwa kuilaza kidogo ili isikate kipande cha mpira. Na mtihani wake ni rahisi: mpe mchuzi wa kuoteshea bakteria badala ya dawa, achanganye kama kawaida, weka kwenye joto siku 14. Ukifanya ukungu, arudi mafunzoni. Maabara ya hopitali yoyote yenye bakteriolojia inaweza hiyo.

Mama wa Kadutu

Papa farmasi, na ile Ringa ya kolera? Banaitia pia kitu ndani?

Farmasi wa Ibanda

Hapana mama, na hiyo ndiyo heri yake. Ringa inatoka kiwandani tayari, haiongezwi kitu, unafungua unatundika. Kwa kolera kali mtu kuanzia mwaka mmoja anapata 30 ml kwa kilo ndani ya nusu saa, kisha 70 ml kwa kilo ndani ya saa mbili na nusu. Walioona Goma Julai 1994 wanajua, karibu wakimbizi 50,000 walikufa mwezi wa kwanza, kolera na kuhara damu. Pale hakukuwa na muda wa kuchanganya kitu. Na mtu anayeweza kunywa, maji ya chumvi na sukari ya pakiti yanamtosha. Kila dawa ambayo kiwanda kimeshaitayarisha, tuichague hiyo, na kila mgonjwa anayeweza kumeza, ahamishiwe kidonge mapema.

Muuguzi wa Plaine

Yaya, nimeongea na titileri wetu, mkubwa wa sentri. Kuna kistoo kilichokuwa cha makarai, kina dirisha moja linafungika, atatoa makarai. Potasiamu tumeshaiondoa kwenye kitoroli, iko kabatini na kufuli. Nieleze tu etiketi, sisi tunaandikaka na biki juu ya plastiki ya seromu yenyewe. Na matone, wapya wanakosea kila siku.

Farmasi wa Ibanda

Umenifurahisha sana ndugu yangu, mwambie titileri aksanti.

Usiandike juu ya plastiki, biki inaweza kutoboa na wino unapenya. Bandika sparadra (plasta), uandike kabla ya kuibandika, na uibandike ili isomeke seromu ikiwa imetundikwa. Jina la mgonjwa na kitanda, dawa na miligramu (andika mg, usiandike "ampuli moja", ampuli zinabadilika), seromu gani na ml ngapi, saa uliyochanganya, saa ya mwisho kutumika, matone kwa dakika, na sahihi yako. Hata seringi uliyoiweka chini kwa dakika mbili inapata etiketi.

Matone: trusi ya kawaida ni matone 20 kwa mililita, basi chukua ml kwa saa gawanya kwa tatu. 500 ml kwa saa nne ni 125 kwa saa, ni kama matone 42 kwa dakika. Trusi ya watoto yenye matone 60, ml kwa saa ndiyo matone kwa dakika, hakuna hesabu. Angalia kwanza pakiti imeandika ngapi.

Na ampuli tupu usizitupe mara moja. Zipange kando ya seromu uliyochanganya mpaka mwenzako apite asome majina kwa sauti, ukiwa peke yako usome mwenyewe kwa sauti, ndipo ziingie kwenye boksi la vikali.